Kitabu kipo rafuni, mfumo unaleta mengine: tununue mpya?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkutubi wa huduma za mtandaoni katika maktaba ya chuo kikuu. Tuna katalogi kwenye programu ya Koha, tasnifu zetu ziko kwenye hifadhi ya kidijitali ya DSpace, na miaka michache iliyopita tulinunua mfumo wa utafutaji wa pamoja unaoleta vitabu na makala kwa mpigo mmoja. Malalamiko hayaishi. Mwanafunzi anaandika jina la kitabu ambacho tuna nakala kadhaa, anapata matokeo maelfu, na kitabu chenyewe hakionekani ukurasa wa kwanza. Wengine wanabofya makala wanaambiwa hawana ruhusa. Wahadhiri wametuambia waziwazi kwamba wanatumia Google Scholar. Sasa uongozi uko tayari kutafuta fedha za mfumo mpya, na muuzaji mmoja amekuja kutuonyesha wa kwake, una akili unde ndani, ukatupendeza sana. Tununue? Na kama si kununua, tuanzie wapi? Tuko wakutubi watatu, na fundi wa TEHAMA tunamwazima kutoka idara nyingine."*

Ndugu mkutubi, habari ni njema, na pole kwa malalamiko. Nikikusoma vizuri, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kwa nini kitabu kilichopo hakionekani, na kama mfumo mpya utakiibua. La pili linategemea la kwanza, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo. Lakini usisubiri hadi mwisho kujua ninakoelekea: msinunue bado. Mfumo mpya utameza rekodi zilezile mlizo nazo na orodha ileile ya majarida, tena juu ya mipangilio ya kiwandani ambayo haijui lolote kuhusu wanafunzi wenu. Kioo kipya hakibadilishi sura.

Kuna dhana inayosemwa sana maktabani, kwamba Google "inaelewa" na mifumo yetu "haielewi". Tuangalie kinachotokea. Mtu anapobofya "tafuta", hakuna mfumo unaoanza kusoma vitabu. Kazi ilishafanyika mapema: programu imejenga faharasa, yaani kila neno limewekewa orodha ya rekodi lilimo. Utafutaji ni kuchukua orodha za maneno aliyoandika mtu, kuzilinganisha, kisha kupanga kipi kitangulie. Kwenye kupanga ndipo shida yenu ilipo. Kanuni inayotumika sana huitwa BM25. Ndiyo chaguo-msingi la Lucene, programu huria ya utafutaji, tangu toleo la 6 la mwaka 2016, na juu ya Lucene ndipo zilipojengwa injini za utafutaji za Solr na Elasticsearch. Hutazama neno limetokea mara ngapi katika rekodi, rekodi yenyewe ina urefu gani, na neno hilo ni adimu kiasi gani katika mkusanyo wote. Wazo hilo la uadimu lilitolewa na Karen Spärck Jones mwaka 1972 na bado linatubeba: neno lililomo kila mahali halisaidii kutofautisha chochote, kwa hiyo hupewa uzito mdogo.

Sasa chukua kitabu kinachoitwa Research Methods, jina ambalo vitabu vingi vya kiada vinalo. Ndani ya faharasa kubwa yenye mamilioni ya makala za kitaaluma, maneno hayo mawili yamo karibu kila mahali, hivyo yanapimwa kama makapi. Kitabu chenu kina rekodi fupi ya MARC (muundo wa kawaida wa rekodi za maktaba): jina, mwandishi, mchapishaji, vichwa vya mada vitatu hivi. Kinashindana na makala zilizofahariswa neno kwa neno, ambazo nyingi zina kabisa sehemu yenye kichwa hichohicho. Halafu kuna washindani wengine ambao wakutubi wengi hawawafikirii, nao ni mapitio ya vitabu. Kitabu kikiwa maarufu, kimeandikiwa mapitio katika majarida mengi, na kila pitio limebeba jina la kitabu kama kichwa chake. Mwanafunzi anaandika jina, mfumo unamletea watu kumi wanaokizungumzia kitabu, na kitabu chenyewe kinabaki nyuma yao. Mfumo haujaharibika. Umefanya ulichoagizwa, na agizo halikusema kwamba kilicho rafuni mwenu kina haki ya kutangulia.

Agizo hilo linaweza kusemwa, na mara nyingi kwa bure. Kwenye Koha kuna mpangilio wa QueryWeightFields. Hakikisha umewashwa ili neno lililo kwenye jina la kitabu, yaani uga wa 245, lipewe uzito kuliko lililo kwenye maelezo. Mifumo mingi ya kununua nayo ina mahali pa kuongeza uzito wa rekodi za maktaba yenyewe, na pa kuondoa mapitio katika matokeo ya awali. Tatizo ni kwamba wakati wa usimikaji watu huwa na haraka, mipangilio huachwa ilivyokuja, na baadaye hakuna anayekumbuka kwamba kuna ukurasa wa kuibadilisha. Mwombe muuzaji wenu wa sasa akuonyeshe ukurasa huo. Usishangae akichukua siku kadhaa kuutafuta yeye mwenyewe.

Kabla ya kugusa chochote, lakini, soma kumbukumbu za utafutaji. Hili ndilo jambo moja ambalo ningekushika mkono nikuombe ulifanye hata kama mengine yote utayaacha. Mfumo unatunza yale watu waliyoyaandika kwenye kisanduku. Mwombe fundi akupe ya muhula mmoja, akiwa ameshaondoa namba za watumiaji na anwani za kompyuta zao, kwa sababu alichokitafuta mtu ni siri yake, na sisi wakutubi tuna wajibu wa kuilinda. Yapange kwa wingi wa kurudiwa, kisha tenga yale yaliyoleta sifuri. Utakutana na mistari ya aina hii:

research methods 5th edition
jstor
mitihani iliyopita
ngugi wa thiongo
athari za mabadiliko ya tabianchi kwa uzalishaji wa mahindi kwa wakulima wadogo: uchunguzi kifani wa

Kila mstari una ugonjwa wake, na hakuna hata mmoja unaohitaji mfumo mpya.

Wa kwanza ni mtu anayekijua anachokitaka. Ameandika "5th edition". Katalogi zilizoandaliwa kwa kanuni za zamani za AACR2 zina "5th ed.", na zile za RDA, ambazo Library of Congress ilianza kuzitumia rasmi mwaka 2013, hunakili jinsi kitabu kilivyoandika, mara nyingi "Fifth edition". Toleo moja, sura tatu, na kompyuta inaona vitu vitatu tofauti. Kama mfumo wenu unadai kila neno liwepo, kitabu kimetoweka kwa sababu ya neno "edition". Tiba yake ni faili la visawe, orodha ya maandishi ya kawaida inayouambia mfumo kwamba maumbo hayo ni kitu kimoja. Ni kazi ya nusu siku ambayo watumiaji wataionja kila siku.

"Jstor" (hifadhidata ya majarida) na "mitihani iliyopita" si utafutaji wa maarifa. Ni watu wanaotafuta mlango. Kwao kisanduku ni kisanduku, hawajui kwamba hiki ni cha vitabu tu na hawapaswi kulazimika kujua. Wawekeeni kadi juu ya matokeo: andika jina la hifadhidata, upate kiungo cha kuingia. Maneno ishirini au thelathini yanayorudiwa zaidi yakiwekewa kadi, sehemu nzuri ya hasira itapungua.

Mstari wa Ngũgĩ naupenda kwa sababu umekusanya karibu kila kitu. Jina lake lina alama juu ya herufi mbili, ambazo mwanafunzi hawezi kuzipata kwenye simu. Lina kiapostrofi ambacho kwa kompyuta kinaweza kuwa zaidi ya herufi moja: kilichonyooka cha kibodi, kilichopinda cha programu za kuandikia, na kingine kinachotumiwa na wakatalogi. Kazi zake za mwanzo zilitoka kwa jina la James Ngugi. Na jina lake haligeuzwi kama majina ya Kizungu, kwa hiyo aliyeingiza rekodi akifuata mazoea ya "ukoo, koma, jina" atakuwa amemweka mahali pasipo pake. Dawa ni mbili, na zote zinahitajika. Ya kwanza ni ya fundi: kuweka mpangilio unaoondoa alama na kusawazisha viapostrofi wakati wa kufaharisi na wakati wa kutafuta, pande zote mbili, maana ukifanya upande mmoja utazidisha tatizo. Ya pili ni yenu wakatalogi: rekodi ya mamlaka ya jina, yenye umbo moja lililokubaliwa na maumbo mengine yote yanayoelekeza huko. Kazi hii imedharauliwa kwa sababu haionekani, lakini hakuna akili unde itakayojua kwamba James Ngugi na Ngũgĩ ni mtu yuleyule ndani ya katalogi yenu kama katalogi yenyewe haijasema.

Hapohapo niongeze la lugha yetu. Mifumo mingi imewekewa programu ya kupunguza maneno hadi kwenye shina, na ile maarufu ya Kiingereza, ya Martin Porter wa mwaka 1980, hukata mwisho wa neno. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mtoto, watoto, kitabu, vitabu, chuo, vyuo. Mkataji wa mwisho haoni kitu hapo. Ndiyo maana mtu akiandika "malezi ya watoto" anaikosa rekodi ya "malezi ya mtoto". Msingoje mtu abuni suluhisho kamili. Chukueni nomino zinazojirudia kwenye kumbukumbu, ingizeni umoja na wingi katika lile faili la visawe, basi.

Mstari wa mwisho ni wa huzuni kidogo: mwanafunzi amebandika kichwa cha utafiti wake mwenyewe, kimekatika hata kabla ya jina la mahali. Mfumo unaodai maneno yote ukampa sifuri, naye akaondoka akiamini hakuna aliyeandika juu ya mada hiyo. Ukiugeuza uwe unakubali neno lolote, atapata milioni. Kati ya hapo kuna mpangilio wa kiwango cha chini cha kulingana, ambao Solr huuita mm: maneno yakiwa machache yote yawepo, yakizidi manne au matano asilimia 75 itoshe. Ujaribuni hapo, kisha uupandishe au kuushusha.

Utajuaje kama mnaboresha au mnaharibu? Chagua maswali 50 kutoka kwenye kumbukumbu, ya aina zote, na kando ya kila moja andika jibu ambalo mkutubi mwenye akili timamu angelitoa. Kila mkibadilisha mpangilio, yapitisheni yote na mhesabu mangapi yana jibu sahihi ndani ya matatu ya juu. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Bila karatasi hiyo, mabadiliko yataamuliwa na malalamiko ya mhadhiri mwenye sauti kubwa kuliko wote, na kinachomfurahisha yeye kinaweza kuwaumiza wanafunzi mia. Ongezea jambo moja la kibinadamu: mkalishe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele ya kompyuta, mpe kazi ya kutafuta kitabu cha kozi yake, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Nije kwenye makala zinazokataa kufunguka. Watu hulaumu mfumo wa utafutaji, lakini kazi yake huwa imekwisha wakati huo. Kiungo kimeshapita mikononi mwa wengine. Fanya jaribio dogo: fungua makala ileile ukiwa kwenye mtandao wa chuo, kisha uifungue ukiwa nje. Ikikataa kote, kuna uwezekano mkubwa orodha ya majarida mnayolipia imekosewa: mfumo unaamini mna jarida tangu mwaka 1995 wakati usajili wenu unaanzia 2010, au usajili ulikwisha na hakuna aliyeondoa tiki. Ikifunguka ndani na kukataa nje, mtuhumiwa ni seva ya proksi, inayomruhusu mtu aliye nje aingie kana kwamba yuko chuoni: kiungo hakikupitishwa kwake, au mchapishaji amebadilisha anwani ya tovuti na anwani mpya haimo kwenye orodha. Wachapishaji hutoa orodha za majarida na miaka yake katika muundo wa KBART. Muombeni kila mmoja, mlinganishe na risiti zenu. Kazi hiyo inachosha, na mtairudia kila mwaka usajili unapohuishwa.

Kuhusu kisanduku kimoja au viwili, maoni yangu ni haya: kisanduku kiwe kimoja, matokeo yatengwe. Vitabu safu yao, makala safu yao, tasnifu safu yao, na kurasa za huduma kando. Maktaba ya NC State University ni miongoni mwa zilizoueneza mtindo huu. Faida yake kwenu ni ya moja kwa moja, maana kitabu hakilazimiki tena kushindana na mapitio yake. Hasara ni kwamba ukurasa unajaa haraka na kwenye simu safu hupangana moja chini ya nyingine, hivyo mtalazimika kuamua ipi itangulie. Angalieni kumbukumbu zenu. Zikisema watu wengi wanatafuta vitabu kwa majina, vitabu vitangulie.

Wahadhiri wenu hawajakosea kutumia Google Scholar. Ni nzuri kwa kufuata nani amemnukuu nani, na kwa tafutizi pana ni vigumu kuishinda. Badala ya kushindana nayo, ingieni ndani yake. Ina utaratibu wa kuonyesha viungo vya maktaba kando ya matokeo, ili mhadhiri abofye aingie kwenye nakala mnayolipia. Unahitaji mfumo wenu wa viungo utume kwao orodha ya majarida. Na hakikisheni tasnifu zenu zinaonekana huko. Chukua kichwa cha tasnifu moja, kiweke ndani ya alama za nukuu, ukitafute. Kama hakipo, sababu ni mara nyingi metadata (maelezo ya faili) pungufu au seva inayozuia programu za kufaharisi zisisome faili, na DSpace ina zana za kurekebisha yote mawili.

Sasa kununua. Hesabu inabadilika kama mmeshafanya haya na bado matokeo ni mabaya, au kama mfumo wa sasa hauwaruhusu kugusa uzito wala kuona kumbukumbu. Njia ya programu huria ipo: VuFind, iliyoanzia Villanova University, na Blacklight, iliyoanzia University of Virginia, zote zikitumia Solr. VuFind inaweza kuvuna DSpace yenu kwa OAI-PMH, itifaki ya kukusanya rekodi, na kuonyesha kama nakala ya Koha ipo au imeazimwa. Haina ada ya leseni, lakini inahitaji mtu anayeijua, na fundi wa kuazima hatoshi. Siku akihamishwa mtabaki na kitu ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Pia haiji na faharasa ya makala za dunia. Kwa hiyo nisingewashauri muianze kwa hali mliyo nayo sasa.

Mifumo ya kulipia ina faharasa hiyo kubwa, na ndicho mnachokilipia hasa. Fahamu tu kwamba wauzaji wakubwa wana bidhaa nyingine. EBSCO inauza hifadhidata na mfumo wa utafutaji. Primo na Summon, zinazoonekana kama washindani, ziko chini ya mwenye mali mmoja, Clarivate, tangu ilipoinunua ProQuest mwaka 2021. Si kosa, ila ni sababu ya kuuliza maswali makali. NISO, shirika la viwango vya habari la Marekani, ilitoa mwongozo wa uwazi kwa mifumo hii mwaka 2014 na kuuhuisha mwaka 2020. Mwombe muuzaji tamko lake la kuufuata. Ataje ni wachapishaji gani wanaompa makala nzima na gani wanampa vichwa tu. Rekodi mliyoifuta kwenye katalogi itaondoka kwake baada ya siku ngapi? Mnaweza kubadilisha uzito wenyewe? Mkiondoka, mtachukua nini? Na zaidi ya yote, akubali kupitisha maswali yenu 50 juu ya data yenu, mbele yenu, si juu ya data ya maonyesho aliyokuja nayo.

Ile akili unde iliyowapendeza nayo ijaribiwe hivyohivyo. Kwa kawaida hutafuta kwanza kwenye faharasa, huchukua matokeo machache ya juu, kisha hutunga jibu kutokana nayo. Kitabu ambacho hakikufika juu hakitatajwa, na jibu litasomeka vizuri kiasi kwamba hakuna atakayegundua kimekosekana. Msiiwashe kabla hamjapima kama kila rejea inayotoa ipo kweli na inasema kilichodaiwa.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Mkitaka kurekebisha rekodi maelfu kwa mpigo, hata kwa zana nzuri kama MarcEdit, awepo mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, na muwe na nakala rudufu ambayo mmeshajaribu kuirudisha; nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Kujenga upya faharasa nzima kufanyike likizo, fundi akiwa kwenye kiti. Mkataba wa miaka kadhaa upitiwe na mwanasheria wa chuo kabla ya saini, hasa vipengele vya kuhuishwa kiotomatiki na vya umiliki wa data ya watumiaji. Na kama kumbukumbu zitaonyesha watu wanatafuta vitabu sahihi, wanavipata kwenye skrini, halafu hawavikuti rafuni, basi mambo ya kompyuta yawekwe kando kwanza. Hapo mnahitaji kufanya ukaguzi wa mali, rafu kwa rafu, na mtaomba mikono ya ziada kutoka kwa uongozi kabla ya kuomba fedha za mfumo.